"Wewe" wa Kamwokya

Barabara ya Kira, Kamwokya, ndiko iliko FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda kilichoanzishwa miaka ya 1990. Jumatatu zake za kusomeana na kukosoana miswada zimelea wengi. Mwanachama wake, Monica Arac de Nyeko, alipata Tuzo ya Caine mwaka 2007 kwa hadithi fupi "Jambula Tree".

Humo Anyango amesikia kuwa Sanyu anarudi, naye anazungumza naye moja kwa moja, "wewe" huyu hadi mwisho. Majirani wa Nakawa wameshawahukumu wote wawili. Kwa maoni yetu huyo "wewe" ndiye kwao kwa Anyango. Mtaa ni anwani tu.

Lalamiko letu ni la walimu. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili Uganda tangu 2005, lakini hadithi kama hii bado tunaisoma kwa Kiingereza. (Wapo Waganda ambao wakisikia Kiswahili hukumbuka kambi ya jeshi.) Tulipowapa wanafunzi ukurasa mmoja waufasiri, walibishana saa nzima juu ya "nakukumbuka": Anyango na Sanyu wamo ndani ya neno moja, hawatenganishiki.