Jina la Filamu kwa Brashi na Manila

Filamu nyingi za wanafunzi hujishusha hadhi ndani ya sekunde chache za mwanzo. Kabla mwigizaji hajafungua mdomo, jina la filamu linaruka kutoka pembeni, linazunguka, linametameta rangi ya dhahabu, na mtazamaji anatambua kiolezo alichokwisha kukiona kwenye video za harusi na matangazo ya maduka ya simu. Kinachoudhi hapo ni herufi zisizohusiana na hadithi, wala si uhaba wa fedha. Nashikilia kwamba mwanafunzi asiye na bajeti atapata kadi bora zaidi ya jina la filamu akiiandika kwa mkono, kisha akaipiga kwa kamera ileile iliyopiga filamu yake.

Ushahidi upo. Mwaka 1955 Satyajit Ray, aliyekuwa msanii wa matangazo huko Calcutta, alitoa Pather Panchali, filamu iliyokwama mara kadhaa kwa kukosa fedha, na majina yake ya mwanzo yakaandikwa kwa mkono. Mwaka huohuo Saul Bass alifungua The Man with the Golden Arm kwa mistari myeupe na umbo la mkono uliopindapinda, mfano wa karatasi iliyokatwa kwa mkasi, na mtazamaji akaonja mateso ya mtumwa wa dawa za kulevya kabla hajamwona. Nyumbani kwetu, kanga kwa vizazi imekuwa ikitatua tatizo la kuandika maneno yakasomeka: pindo linalozunguka, mji katikati, na jina, yaani msemo wake, kwa herufi kubwa katika mstari mmoja. Maneno hayo husomeka hata mvaaji akiwa anatembea, kwa sababu ni machache, yamepewa nafasi, na rangi yake inapingana na iliyo nyuma yake. Mwenye kuandika kadi ya filamu hahitaji kanuni nyingine zaidi ya hizo tatu.

Tuchukue filamu fupi inayopigwa Kisaki, kusini mwa milima ya Uluguru, juu ya mapigano ya Septemba 1916, pale vikosi vya Kijerumani vya Lettow-Vorbeck vilipowarudisha nyuma wapanda farasi wa Afrika Kusini. Kadi yake ina kazi mbili: kutaja jina, na kumweka mtazamaji mahali na wakati, “Kisaki, Septemba 1916”. Mwandiko wa wino wa daftari la karani unaifaa. Ikiwa filamu inahusu kituo cha TAZARA cha hapohapo Kisaki, kwenye reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, basi herufi nene za brashi, za mchora mabango, ndizo zitakazoibeba. Katika hali zote mbili kata manila yenye upana wa sentimita 32 na kimo cha 18, ili ilingane na uwiano wa 16 kwa 9. Acha sehemu ya kumi ya kila upande bila maandishi, kwa kuwa baadhi ya skrini hukata kingo. Herufi ndogo kabisa isipungue sentimita 1.2, la sivyo mtazamaji wa simu hataisoma.

Upigaji ndio unaoharibu kazi nyingi. Kadi ibandikwe ukutani, kivulini, kamera ikiwa kwenye stendi na lenzi ikitazama katikati ya kadi moja kwa moja. Kamera ikiinama kidogo tu, mistari inapinda. Jua la mchana likiipiga kadi, rangi inang'aa na herufi zinafifia. Ukilazimika kutumia taa, weka mbili, moja kila upande, kwa nyuzi 45. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo piga fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50, ili kupunguza mistari inayocheza kwenye picha. Funga fokasi na mwanga kabla ya kurekodi. Kadi ikae kwenye skrini kwa muda wa kuisoma kwa sauti mara mbili, bila haraka.

Atasema mtu kwamba programu za bure zinafanya haya yote kwa dakika chache. Ni kweli, na kwa orodha ndefu ya majina ya mwisho ningeshauri zitumike, maana kosa la tahajia katika jina la mtu husahihishwa papo hapo. Lakini programu inampa kila mwanafunzi fonti zilezile, ilhali brashi inaacha alama ya mtu mmoja. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mkono usio na mazoezi huandika vibaya, na majaji wa tamasha wataona uzembe. Dawa yake ni kuchora mistari ya penseli kwanza, kupima nafasi kati ya herufi, na kumlipa mchora mabango wa mtaani pale uwezo unapoishia. Huyo naye ni fundi, na jina lake linastahili kutajwa pamoja na ya wengine. Kadi iliyopimwa hivyo inamwambia mtazamaji kwamba kila kitu katika filamu hii kimefikiriwa, na mwanafunzi hana njia rahisi zaidi ya kuipata imani yake.