Pongezi kwa Watafiti wa Usugu wa Muheza

Watafiti wa Amani na Muheza, mkoani Tanga, wanastahili heshima kwa kazi isiyoshangiliwa: kuthibitisha kwamba dawa imeanza kushindwa. Mapema miaka ya 1950 dawa ya malaria iitwayo pirimethamini iligawiwa Mkuzi, karibu na Muheza. Mwaka 1954 watafiti Clyde na Shute wakaripoti usugu wa vimelea vya malaria dhidi ya dawa hiyo. Tanzania Bara ilipoacha klorokwini mwaka 2001 na kuchukua SP (sulfadoksini-pirimethamini), Muheza hiyohiyo ikaonyesha kuwa SP nayo inashindwa kuwaponya watoto. Utafiti wa Theonest Mutabingwa na wenzake, uliochapishwa 2005, ulionyesha nguvu ya dawa mseto yenye artemisinini, na mwaka uliofuata nchi ikaanza kuitumia.

Wapo wanaouliza: mgonjwa akiungua homa, kumpima damu tena na tena hadi siku ya 28 baada ya kupewa dawa kunamsaidia nini? Swali ni la haki. Lakini bila siku hizo, homa iliyotulia kwa muda huhesabiwa kuwa imepona, na kimelea sugu hubaki kikisubiri mbu. VVU ni hivyohivyo: mtu anayetumia dawa huweza kuonekana mzima huku virusi sugu vikiongezeka, na kipimo cha wingi wa virusi ndicho kinachoonyesha mapema kwamba huenda dawa zinashindwa.