Kabla Hajagusa Chini

Katika gemu ya mapigano ya Tekken kuna ngumi moja ambayo wapenzi wa gemu hiyo huitambua kwa sauti tu, hata wakiwa wameipa skrini mgongo. Mhusika Kazuya Mishima anainama, anateleza mbele, kisha mkono wake wa kulia unapanda kutoka chini ukiwa umezungukwa na umeme. Ili umeme huo utoke, mchezaji anasukuma mbele, anaachia, anabonyeza chini, halafu chini-mbele na kitufe cha mkono wa kulia vinabonyezwa katika fremu ileile moja. Fremu ni picha moja kati ya 60 ambazo gemu huchora kila sekunde. Ukipishana nayo, ngumi inatoka lakini kavu, na adui akiikinga wewe ndiye unayeadhibiwa. Ukiipatia, hata akikinga, nafasi ya kuendelea kushambulia inabaki kwako. Asipokinga anarushwa juu, na hapo ndipo inapoanza kazi ninayotaka kuisifu.

Kazi hiyo ni kombo: mfululizo wa mapigo unaomshika mtu hewani asipate upenyo wa kukinga wala kukwepa hadi uishe. Anayetazama kwa mbali huona kijana anayegongagonga padi. Mimi naona ufundi kamili, wenye malighafi yake, na malighafi hiyo ni muda. Muda mdogo kiasi kwamba fikra haiwezi kuingia ndani yake. Ngumi ya haraka katika Tekken humfikia adui kwa fremu 10, yaani sehemu ya sita ya sekunde. Hakuna jicho linaloiona ikija na mkono ukawahi kuijibu. Kila kinachofanyika humo ni lazima kiwe kimeshaamuliwa, na kiwe kimeshahama kutoka kichwani kwenda vidoleni.

Ufundi huu haukupangwa na mtu. Capcom walipokuwa wakitengeneza gemu nyingine ya mapigano, Street Fighter II, iliyotoka mwaka 1991, Noritaka Funamizu alikuwa akikagua hatua ya kuvunja gari akagundua kwamba kati ya pigo na pigo kulikuwa na mwanya wa kuingiza jingine. Waliona ni vigumu mno kumfaa mchezaji wa kawaida, wakauacha humo kama jambo lililofichika. Wachezaji wakaufumbua. Mwaka 1993, Super Street Fighter II ilikuwa tayari inahesabu mapigo hayo kwenye skrini na kumtuza anayeyaunganisha.

Namco, walioanzisha Tekken mwaka 1994, waliongeza jambo ninalolipenda sana. Vitufe vinne ni viungo vinne: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Ukisoma kombo ya Tekken unasoma mwili. Unajua uzito umeegemea wapi, na kwa nini teke fulani haliwezi kufuata ngumi fulani bila kwanza kupiga hatua.

Na mwili ulio hewani una sheria zake. Kila pigo linaloongezwa huumiza pungufu ya kawaida yake, na anayepigwa huanguka upesi zaidi kadiri kombo inavyorefuka. Kwa hiyo kombo yenye mapigo mengi si lazima iwe bora. Kuna pigo linaloumiza sana lakini linamwacha mtu palepale, na kuna jingine dhaifu linalomsogeza hatua kadhaa kuelekea ukutani. Ukuta ukiwa karibu, lile dhaifu ndilo la busara, maana akishabandikwa ukutani mlango mwingine wa mapigo unafunguka. Ukuta ukiwa mbali, chukua maumivu. Fundi halisi hubeba kombo kadhaa kwa pigo lilelile la kuanzia, na huchagua wakati adui angali anapanda.

Mazoezi yenyewe ni ya upweke, na nayapenda kwa sababu hayana upendeleo. Unaingia sehemu ya mafunzo, unasimamisha adui asiyejibu, na unampangia akinge mara tu upenyo utakapotokea baada ya pigo la kwanza. Mpangilio huo ndio mwalimu. Bila huo unaweza kuamini kwamba umeunganisha, kumbe kulikuwa na fremu mbili tupu ambazo binadamu angezitumia kutoka. Kisha unaivunja kombo. Usiirudie yote kutoka mwanzo. Tafuta kiungo kinachokatika, mara nyingi ni ile hatua ya kukimbilia mbele kati ya mapigo mawili, ukifanye peke yake hadi kikae. Wengi hujifunza kwa sikio kuliko kwa macho: kila kombo ina mdundo wake, ta, ta-ta, taaa, ta, na mkono ukishaupata mdundo huacha kuuliza. Baada ya hapo hamia upande wa pili wa skrini, ambako mbele imekuwa nyuma. Mkono uliokuwa hodari unageuka mgeni, na kazi inaanza tena kwa adabu ileile.

Lakini upweke hautoshi kwa ufundi huu. Vibanda vya gemu vya mitaa yetu, ambako watu watano hungoja zamu nyuma ya wawili wanaocheza, vimefundisha wengi kwa kutazama vidole vya jirani. Na ufundi huu hufika mbali: Sylvia Gathoni, Mkenya anayecheza Tekken kwa jina la QueenArrow, alisajiliwa na timu ya mashindano ya gemu ya UYU mwaka 2018. Mwaka uliofuata Arslan Ash wa Pakistani alishinda mashindano ya gemu za mapigano ya Evo huko Japani na kisha Evo ya Las Vegas, na akaeleza kwamba nyumbani ameacha wengine wakali. Niliamini mara moja. Mikono ya namna ile haioti mahali ambapo mtu anacheza peke yake.

Mikono hiyo pia haidumu bila kulishwa. Tekken 8 ilipotoka Januari 2024, ile mbinu ya kumzungusha adui hewani iliyobeba kombo nyingi za Tekken 7 ilibadilishwa na nyingine, na mabingwa wakarudi kwenye sehemu ya mafunzo sawa na wanaoanza.

Mfano wa ufundi huu ninaourudia zaidi ni wa Street Fighter III: 3rd Strike, katika Evo ya mwaka 2004 huko California. Ken, mpiganaji wa Daigo Umehara, alikuwa na uhai mwembamba kama uzi. Hata kukinga kungemuua. Chun-Li wa Justin Wong akaachia mateke 15. Kupangua katika gemu ile ni kusukuma kuelekea kwenye pigo wakati hasa linapofika, na Umehara aliyapangua yote. Watu husimulia hapo na kuishia hapo. Mimi hutazama teke la mwisho: aliruka ili alipangue akiwa hewani, kwa kuwa kutoka hewani angeweza kuanza kombo nzito zaidi. Katikati ya kelele zile bado alikuwa anachagua mwanzo bora, na mikono ikaimaliza bila kukatika. Hakutwaa ubingwa wa gemu hiyo siku zile. Capcom walipoitoa upya gemu hiyo mwaka 2011, waliweka humo jaribio la kuyapangua mateke yaleyale, na mchezaji yeyote anaweza kumchukua Ken na kuyakabili moja baada ya jingine.