Kutembea Juu ya Ziwa

Tarehe 3 Desemba 1849, mawingu yalifunguka na Johann Ludwig Krapf, mmishenari Mjerumani aliyekuwa mgeni wa Kivoi wa Kitui, akauona Mlima Kenya kwa mbali, vilele vyake vyeupe vimesimama juu ya upeo. Kulikuwa na wataalamu wa jiografia Ulaya waliokataa kuamini kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Ilikuwepo, na katika enzi za kale ilikuwa nyingi zaidi, wakati barafu ilipochonga mabonde ya mlima huo na kuacha mashimo yaliyokuja kujaa maji. Ziwa Michaelson, lililo katika mojawapo ya mabonde hayo, ni kazi ya barafu hiyo. Anayefika huko hutembea ukingoni taratibu, maji yote yakiwa mbele ya macho yake.

Huku chini alikosimama Krapf, hakuna barafu iliyotuchongea ziwa. Mvua zetu ni za kubahatisha, na mito mingi ya Kitui na Makueni hutiririka kwa saa au siku chache tu, kisha ikabaki mikanda ya mchanga mkavu. Hata hivyo tuna maziwa yetu, na tumeyatengeneza kwa mikono. Yamefichika hivi kwamba mgeni hupita juu yake bila kujua. Ni mabwawa ya mchanga, na nia yangu ni kuusifu ufundi wa wanaoyajenga. Nausifu kwa sababu unamtaka fundi aujue mto vizuri kiasi cha kuuachia wenyewe umalize kazi.

Matembezi ya kulijua bwawa la mchanga ni mafupi na hayana kilima. Anzia chini ya ukuta, upande ambao mto unashukia. Ukuta wenyewe ni wa mawe na saruji, umekata mto kutoka ukingo hadi ukingo. Katikati umeshushwa kidogo ili mafuriko yapite hapo hapo, yasitafute njia nyingine. Kwenye ncha zake mbili umeingia ndani ya kingo kwa mbawa ambazo huwezi kuziona zote, maana zimefukiwa udongoni. Mahali maji yanapoangukia pametandazwa mawe yaliyoshikwa kwa saruji, maporomoko yasije yakachimba msingi. Vyote hivi vipo kwa sababu mto una mbinu tatu za kuushinda ukuta: kuupita pembeni, kuupitia chini, au kuusukuma hadi uanguke. Fundi aliyeifumbia macho mbinu moja atalipia katika mafuriko yatakayofuata.

Kazi yake huanza mapema, kabla hata jiwe la kwanza halijasogezwa. Hutembea mtoni wakati wa kiangazi akitafuta mahali ambapo mwamba umekatiza mto chini ya mchanga, kwani ukuta usiokaa juu ya mwamba huvuja kwa chini. Huangalia miti, kwa kuwa mkuyu mkubwa wenye majani mabichi mwezi wa Septemba unatoa ushahidi kwamba maji hayako mbali. Huwauliza akina mama ni kisima kipi cha mchangani hukauka mwisho, na ni wapi maji huwa ya chumvi. Hawa ndio wenye elimu ya mto, kwa sababu ndio waliouchimba kwa kata na kibuyu miaka yote. Kisha huchukua nondo yenye mikato ubavuni, akaipigilia mchangani hadi igonge mwamba. Akiichomoa, husoma chembe zilizonaswa kwenye mikato hiyo, kama ni kubwa au ni laini, kama zina unyevu au la, na kina kiliishia wapi. Milima ya mawe magumu huleta mchanga mkubwa, na mchanga mkubwa ndio unaofaa.

Mahali pakishakubaliwa, huja mwethya, ile kazi ya ujima ambayo Wakamba wamefanya tangu zamani, majirani wakikusanyika leo shambani kwa huyu na kesho kwa yule. Siku ya mwethya mtoni, wengi utakaowaona ni wanawake. Mtaro huchimbwa hadi mwamba uonekane, mawe yakabebwa kutoka mlimani, mchanga na maji vikaletwa pale pale. Saruji na nondo mara nyingi hutoka kwa shirika. Jasho ni la wenyeji, na kwa sababu hiyo bwawa ni lao. Mwaka 1978, katika Machakos ya wakati huo, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, Joshua Mukusya na majirani zake walianzisha kikundi cha Utooni kwa imani hiyo. Kitui nako, shirika la SASOL limeshirikiana na wanavijiji tangu miaka ya 1990 kujenga mamia ya mabwawa, likiyapanga moja baada ya jingine kwenye mto huo huo, maji ya moja yakiegemea ya mwenzake.

Ninaloliheshimu kuliko yote ni subira ya ufundi huu. Mafuriko hubeba mchanga na tope kwa pamoja. Ukuta ukiinuliwa mrefu kwa mara moja, maji husimama kimya nyuma yake, tope likapata muda wa kutua, na bwawa likajaa udongo laini ambao hunywa maji lakini hautoi. Basi mafundi waliobobea huinua sehemu ya katikati kwa hatua. Hujenga kimo kidogo, wakangoja mafuriko, mchanga ukajaa, ndipo wakaongeza kimo kingine. Mto hupepeta mzigo wake kama mama apepetavyo ndengu kwenye ungo: chembe nzito hubaki, vumbi huenda zake. Kujaa kwake huchukua msimu mmoja, na pengine misimu kadhaa, na hakuna fedha inayoweza kuharakisha jambo hilo. Mkandarasi anayetaka kukabidhi kazi kabla ya mvua za Oktoba hawezi kuufanya ufundi huu.

Sasa panda juu ya ukuta, uukanyage mchanga. Hapa unatembea juu ya ziwa. Tuseme mchanga huu una urefu wa mita 100, upana wa mita 20 na kina cha wastani cha mita 1.5. Huo ni mchanga wa mita za ujazo 3,000. Mchanga mzuri hutoa maji ya takriban robo ya ujazo wake, hivyo chini ya miguu yako kuna kama lita 750,000, yaani mitungi 37,500 ya lita 20. Hapo sijahesabu maji yaliyopenya kwenye kingo, ambayo hurudi mchangani polepole kiangazi kinapokaza. Silanga ya wazi ingekuwa inakauka mbele ya macho yetu, kwa maana jua la Ukambani lina nguvu ya kunyanyua karibu mita 2 za maji kwa mwaka. Chini ya mchanga jua hilo hufika kwa shida, na kadiri maji yanavyoshuka ndivyo linavyozidi kushindwa. Mbu hana pa kutagia mayai, wala konokono wa kichocho hana pa kukaa. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Hapa watu wameyazoa.

Rudi kwa njia ya ukingoni, uone maji yanavyofanya kazi bila kujionyesha. Migunga imenenepa, matete yameshika kingo, na nyuma ya ua wa miiba kuna sukumawiki na nyanya katika mwezi ambao mashamba ya juu yamebaki mabua. Kuna pampu ya mkono, na punda wanangoja zamu yao. Msichana aliyekuwa akitembea saa nyingi kutafuta maji sasa anachota na kuwahi kengele ya shule. Sioni haja ya kuongeza sifa juu ya hilo.

Ila macho yainuke mtoni, yaangalie milima. Bwawa linategemea matuta ya fanya juu huko mashambani, ambako mkulima huchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu ili maji ya mvua yasimame na rutuba isiondoke. Mteremko usiotunzwa huleta tope. Kwa hiyo mwethya unaojenga ukuta bila kuchimba matuta umefanya nusu ya kazi, na mto utawadai nusu iliyobaki.

Hatari nyingine huja kwa lori. Mchanga wa mito yetu unatakiwa na wajenzi wa mijini, na unaouzwa usiku hauachi kisima asubuhi. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015, hatua ambayo kaunti hiyo inastahili kupongezwa kwayo. Anayeuondoa mchanga nyuma ya ukuta amebeba maji ya kijiji kizima, kwa kuwa hilo ndilo ghala lenyewe. Sheria hiyo inahitaji watu wa kuilinda, na watailinda pale tu watakapoelewa kilicho chini ya mchanga.

Kwa hiyo naomba ufundi huu ufundishwe kwa heshima inayostahili ufundi mkubwa. Vyuo vyetu vya kiufundi humfundisha kijana kupanga mawe na kupima uwiano wa saruji, jambo ambalo ni jema. Kijana huyo apelekwe pia mtoni kiangazi, pamoja na wazee na akina mama wanaojua kisima kinachokauka mwisho. Aijue miti, aisome nondo, angoje mafuriko mawili au matatu bila kuongeza kimo. Ukuta wa saruji hujengwa popote penye fedha. Bwawa la mchanga hujengwa na watu wanaoujua mto wao, na ujuzi huo tusipourithisha sasa, hakuna msaada utakaotuletea mwingine.