Herufi Moja, Jukwaa Moja

Katika riwaya ya The Scarlet Letter, iliyochapishwa mwaka 1850, Nathaniel Hawthorne analikwepa neno moja: uzinzi. Ndilo kosa la Hester Prynne, mwanamke wa Boston ya Wapuritani katika karne ya 17, aliyezaa binti ilhali mumewe hayupo. Waamuzi wanamwamuru avae kifuani herufi A nyekundu maisha yake yote. Herufi tunaonyeshwa tangu mwanzo. Maana yake tunaachiwa tuitafute.

Hapo ndipo penye ufundi wa riwaya hii. Mwandishi dhaifu huleta ishara na maelezo yake pamoja, kama dawa na karatasi yake. Hawthorne anaiacha herufi ipite mikononi mwa watu, kila mmoja aisome kwa macho yake. Msomaji wa kwanza ni Hester mwenyewe. Mahakama ilitaka alama ya aibu. Yeye ni fundi wa sindano, akaitarizi kwa uzi wa dhahabu, ikatoka gerezani ikiwa pambo. Kisha miaka saba inapita. Anahudumia wagonjwa na kuwashonea maskini nguo, hata watu wanaanza kusema kuwa A ile ni ya mwanamke mwenye uwezo. Usiku mmoja kimondo kinachora A angani, na wenyeji wanaisoma kuwa ya malaika, kwa kuwa gavana Winthrop amefariki usiku huohuo. Kwa Kiingereza maneno yote matatu, uzinzi, uwezo na malaika, huanza na A. Kitambaa ni kilekile, ila mji umebadilika.

Ili tuyapime mabadiliko hayo, Hawthorne anaturudisha mara tatu kwenye jukwaa la aibu, wakosaji wanaposimamishwa mbele ya watu: mwanzoni, katika sura ya 12, na katika sura ya 23 kati ya 24. Mara ya kwanza ni mchana: Hester amesimama peke yake na kichanga chake, Pearl, huku mchungaji Dimmesdale, baba wa mtoto, akiwa juu kwenye roshani na wakubwa, akimsihi amtaje mwenzake. Mara ya pili ni usiku wa manane: Dimmesdale anapanda akidhani hakuna wa kumwona, anawashika mkono mama na mtoto, lakini Pearl anapomwuliza kama atasimama nao kesho mchana, anakataa. Mara ya tatu anapanda mbele ya umati, anakiri, anakufa. Jukwaa halijasogea hata hatua moja. Kinachosogea ni ukweli, kutoka gizani hadi mchana, na maadili ya riwaya yamo katika mwendo huo wala hayahitaji mahubiri. Dhambi iliyovaliwa hadharani ilimkomaza Hester. Iliyofichwa chini ya joho ilimla mchungaji mzima mzima. Naye Chillingworth, mume aliyedhulumiwa, akageuza haki yake kuwa kisasi, na huyo ndiye ambaye Hawthorne anamhukumu kwa ukali kuliko wote.

Hawthorne alikuwa na sababu ya kuwaogopa watu wanaosoma mioyo ya wengine kwa hakika mno. Babu yake wa kale, John Hathorne, alikuwa miongoni mwa mahakimu wa kesi za uchawi za Salem mwaka 1692. Pengine ndiyo maana msimulizi wake hasemi kwa yakini ni kitu gani kilionekana kifuani mwa Dimmesdale aliporarua vazi lake jukwaani. Mashahidi wanapingana, na yeye anawaacha wapingane.

Mwishoni Hester anarudi Boston kwa hiari yake na kuivaa tena herufi ile, pasipo hakimu wa kumlazimisha. Wanawake wenye machungu wanafika mlangoni pake kutafuta ushauri. Mahakama iliweza kumvisha A. Maana yake aliishona mwenyewe, siku baada ya siku, kwa mkono uleule uliotia uzi wa dhahabu.