Bili Nayo Isomwe

Wanaohakiki mikahawa ya Nairobi huandika kuhusu sahani, taa na kona nzuri ya kupigia picha. Bili hawaigusi, kana kwamba mlo huisha kijiko kikiwekwa chini. Kwangu bili ni sehemu ya mlo, na ndiyo unayotoka nayo mdomoni.

Chukua mkahawa mmoja wa Westlands, ule wa vitambaa vyeupe mezani na weita anayekuvutia kiti. Niliwapeleka mama na mdogo wangu, aliyekuwa amefuzu wiki hiyo. (Mimi chuo niliacha mwaka wa tatu, kwa hivyo mahafali ya mama ni hayo tu kwa sasa.) Samaki wa kupaka alikuwa mtamu, hilo siwanyimi. Sahani tatu za 2,200, juisi tatu za 550. Hesabu ya kichwa: 8,250. Bili ikaja 13,050. Sahani nne. Chupa mbili za maji ambazo hakuna aliyeziona, 800. Halafu VAT asilimia 16 juu ya yote, ilhali menyu yenyewe imeandikwa chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, kwamba bei zina kodi ndani.

Kosa moja ningelisamehe. Haya matatu yote yalielekea upande wa mkahawa; hakuna hata moja lililotupunguzia.

"Lipa tu twende," mama akaninong'oneza. Aibu hiyo ndiyo wanayoitegemea. Kwa kibanda, mwenye chapati anahesabu kwa sauti, mnabishana, mnacheka, unalipa. Kwenye vitambaa vyeupe, kuhesabu kunafanana na kukosa doo. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mteja haki ya kupewa habari kuhusu anachonunua, lakini haisemi utaidai vipi mama yako akiwa ameinamisha macho.

Meneja alisema ni sistimu. Sistimu gani, manze? Kuna mtu alibonyeza. Lakini weita, aliyetuhudumia vizuri jioni nzima, aliinama akasema polepole, "Bosi, ukiandika malalamiko, itakatwa kwangu." Sikuandika kwa kitabu chao. Naandika hapa, bila jina lake wala la mkahawa.

Bili ilirekebishwa baada ya dakika 40. Waliletea meza keki ya pongezi, ya bure. Mdogo wangu alikuwa ameshavaa koti.