Tunalijua Jina la Gitaa, la Mpigaji Hatulijui

Vijana wengi wa hapa Singida ukiwakuta kijiweni wanabishana Simba na Yanga. Wapo wachache wanaobishana magitaa, na ubishi wao ni mkali zaidi. Kundi moja linasema besi ni Fender tu, mengine yote kuni. Kundi la pili linasema Fender ni ya wazee, imepitwa na wakati, na anayeing'ang'ania anataka kuwaringishia watu. Nimewasikiliza wote, na kwa mtazamo wangu wanafanya kitu kilekile: wanasoma maandishi yaliyo kwenye kichwa cha gitaa. Mkono unaolipiga hauzungumzwi.

Msomaji wa ukurasa huu ataniuliza, bwana we, haya yanatuhusu nini sisi tunaoandika hadithi na mashairi? Yanatuhusu kwa sana, na tutafika huko. Kwanza tulitendee haki gitaa lenyewe.

Leo Fender alikuwa fundi wa redio katika mji wa Fullerton, California. Gitaa hakujua kulipiga. Mwaka 1951 alitoa besi ya umeme aliyoiita Precision Bass, ikauzwa dola 199.50. Kabla yake wapiga besi wengi walibeba besi kubwa la kusimama, zigo lenye kimo cha mtu, ambalo halisikiki mbele ya ngoma na tarumbeta. Isitoshe, shingo yake haina alama, kwa hiyo kidole kikikosea kidogo tu sauti inapinda. Fender alipanga freti shingoni, vile vijuma vinavyokuonyesha mahali pa kukandamiza uzi. Ndiyo maana akaiita jina lenye maana ya usahihi.

Hapo ndipo penye sababu ya kwanza ya watu kuipenda. Ni chombo cha kazi kilichotengenezwa na fundi akiwafikiria mafundi wenzake. Mwili ni kipande cha mbao, shingo imefungwa kwa skrubu nne, na ikiharibika unafungua unaweka nyingine. Haitaki betri. Ni kama baiskeli ya Phoenix: fundi yeyote wa Ikungi au Kiomboi anaijua inavyofunguliwa. Mwaka 1960 ikaja ndugu yake, Jazz Bass, yenye shingo nyembamba zaidi upande wa kichwani na sumaku mbili za kunasia sauti, moja karibu na shingo na nyingine nyuma. Wanaopenda mlio mzito wa kugonga kifuani wanabaki na Precision. Wanaotaka besi itamke maneno wanachukua Jazz.

Wanaoikwepa nao wana hoja zao, na si za kijinga. Kwanza ni ndefu. Uzi wake una inchi 34 toka mwanzo wa shingo hadi daraja, wakati ile Höfner iliyompa umaarufu Paul McCartney ina takriban inchi 30 tu. Kijana mwenye kiganja kidogo ataona tofauti kabla wimbo haujafika kiitikio. Pili, Jazz Bass ukipunguza sumaku moja ukaiacha nyingine inanguruma. Precision ya kuanzia 1957 haina sana tatizo hilo, maana sumaku yake iligawanywa vipande viwili vinavyouua mngurumo. Kwenye studio nzuri mtu anavumilia. Sasa peleka Jazz kwenye mkutano wa injili unaoendeshwa kwa jenereta, waya wa ethi haupo, na taa za rangi zimechomekwa kwenye soketi ileile. Utasikia mngurumo kuliko wimbo.

Tatu ni hali yetu ya hewa. Ndani ya shingo imefichwa fimbo ya chuma inayozuia mbao isipinde. Mbao hunywa unyevu na kuutoa, na Singida wote tunakijua kiangazi chetu. Kwenye Fender za kizamani, ili uikaze hiyo fimbo inabidi kwanza ulegeze shingo toka mwilini, ukaze kidogo, ufunge, ujaribu, ufungue tena. Besi nyingi za siku hizi zinakazwa upande wa kichwani bila kufungua kitu.

Nne ni uzi wa tano. Nyimbo za injili za leo zinapenda besi ishuke chini kabisa. Uzi mzito wa besi ya nyuzi nne unatoa mitetemo kama 41 kwa sekunde, na uzi wa tano unashuka hadi kama 31. Fender ilipotoa besi ya nyuzi tano mwaka 1965, uzi ulioongezwa ulikuwa mwembamba, wa kupanda juu! Baadaye kampuni ilitengeneza za kushuka, lakini picha ya Fender kwa watu wengi ni nyuzi nne. Ila tuambizane ukweli: spika nyingi tunazokodi kwa ajili ya harusi na mikutano hata hiyo 41 zinaitoa kwa shida. Mtu analipia uzi ambao hadhira haiusikii.

Tano ni bei, pamoja na vurugu ya jina lenyewe. Mwaka 1965 kampuni iliuzwa kwa CBS kwa dola milioni 13, na wapigaji wengi wanalalamika kwamba kazi ya miaka ya 1970 ilishuka. Mwaka 1985 wafanyakazi wakubwa wa kampuni, wakisaidiwa na wawekezaji, waliinunua tena. Tangu 1982 lipo jina dogo la Squier kwa magitaa ya bei nafuu, yaliyoanzia Japani na baadaye kutengenezwa nchi nyingine za Asia. Zipo Fender za Meksiko na zipo za Marekani, ambazo mpya ni ghali zaidi. Halafu zipo feki, ambapo kilicho cha Fender ni maandishi tu. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi napiga Fender" bado hajakwambia kitu.

Hizo ndizo hoja, na mpigaji yeyote anayejipanga kununua azipime. Lakini kuna jambo linalonisumbua. Maneno "kupenda" na "kukwepa" ni ya mtu mwenye uchaguzi, na historia ya muziki wetu wa dansi haikuwa hivyo. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza 1978 na baadaye ikawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Jiji la Dar es Salaam. Bendi nyingi zilikuwa hivyo. Vyombo vilikuwa vya shirika, au vya tajiri, na mwanamuziki alikuja kazini na vidole vyake. Baada ya vita vya Kagera nchi ilikaukiwa na fedha za kigeni, na gitaa la ng'ambo halikuwa kitu cha kuingia dukani na kuagiza. Ulipiga lililokuwepo.

Matokeo yake ni nini? Mwaka 1985 wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park, akiwemo Muhiddin Maalim, walihamia kwenye bendi mpya ya tajiri Hugo Kisima, International Orchestra Safari Sound. Vyombo vya DDC vikabaki kuwa vya DDC. Kilichohama ni watu, na ndicho mashabiki walichokifuata. Sijawahi kusikia mzee yeyote akisema alikwenda dansini kufuata aina ya gitaa. Enzi hizo mtu alijua nani yuko bendi gani kama tunavyojua leo mchezaji gani kasajiliwa wapi.

Hata hivyo, hata enzi hizo, besi ilikuwa mtoto wa kambo. Muulize mpenzi wa zilipendwa akutajie majina. Atakuanzia na Mbaraka Mwinshehe, aje Marijani Rajabu, aje Remmy Ongala, amalizie na Bitchuka. Sasa muulize, besi zao alipiga nani? Kapa. Anaukumbuka wimbo mzima, miguu yake inaifuata besi hadi leo, ila jina la aliyeipiga halikuwahi kufika masikioni mwake.

Tusidhani ni ugonjwa wetu peke yetu. Pengine hakuna mtu aliyeitangaza Precision duniani kumshinda James Jamerson wa kampuni ya Motown, Detroit. Yake ilikuwa ya mwaka 1962. Alikuwa akipiga kwa kidole kimoja cha shahada, nyuzi alizibadilisha zikikatika tu, na ndani ya kifuniko cha daraja kulikuwa na kipande cha sponji kinachoufanya mlio uwe mfupi. Dunia nzima ilicheza. Ila jina lake na la wenzake halikuandikwa kwenye jalada la albamu ya Motown hadi 1971, kwenye What's Going On ya Marvin Gaye. Alifariki 1983, na siku chache kabla ya hapo gitaa lake liliibiwa. Jina la kiwanda lilikuwa kichwani mwa gitaa miaka yote hiyo. Jina la mwenye kidole lilisubiri mwaka hadi mwaka, na leo kijana anauziwa Fender kwa sifa ambazo sehemu yake kubwa zilichumwa na kidole hicho.

Kwetu Afrika Mashariki tuna mfano mzuri zaidi. Les Wanyika ilizaliwa Nairobi mwaka 1978, Watanzania na Wakenya pamoja. Sikiliza "Sina Makosa" na uitege besi peke yake. Haikimbilii kujaza kila nafasi. Inasema sentensi fupi, inanyamaza, halafu inarudi pale ambapo ulianza kuitamani. Huo unyamavu ndio unaowapa magitaa mengine pa kuchezea. Aliyepiga ni Tom Malanga. Hebu nijibuni, wa Fender na wa kupinga Fender: alikuwa ameshika besi ya kiwanda gani? Hakuna anayeuliza, na wimbo haujapungukiwa na kitu. Kama ukiweza kuusikia wimbo miaka yote hii bila kujua chapa ya gitaa, basi chapa si roho ya wimbo. Lakini bila jina la Tom Malanga, sisi tutajifunza kwa nani?

Mtu atanipinga, "Ina maana chombo kibovu ni sawa na kizuri?" La hasha. Gitaa lenye shingo iliyopinda linaumiza vidole na linamfundisha mwanafunzi masikio ya uongo. Ninachosema ni kwamba hoja zote tano za hapo juu zinapimwa kwa mkono na sikio. Shika, bonyeza, sikiliza, chomeka kwenye amplifaya yenu yenyewe, kwenye umeme wenu wenyewe. Likikufaa, chukua, liwe limeandikwa Fender au halikuandikwa kitu. Mgogo wa jirani zetu Dodoma, marehemu Hukwe Zawose, aliipeleka ilimba hadi majukwaa ya Ulaya. Ilimba haina chapa, na jina lililovuka bahari lilikuwa la mpigaji.

Sasa turudi hapa Singida. Ukitaka kusikia gitaa la besi mkoani kwetu leo, usitafute ukumbi wa dansi, nenda kanisani. Kwaya ndizo zilizowalea wapiga besi wetu. Lakini angalia video ya kwaya inapotolewa. Utaona jina la kwaya, jina la mwalimu, jina la studio na namba ya simu. Mpiga besi anaonekana nusu bega, nyuma ya safu ya sauti ya nne. Na sasa kinanda kinamnyemelea, maana mpiga kinanda akishusha mkono wa kushoto, besi imepatikana na mshahara au posho ya mtu mmoja imeokolewa. Studio nazo hufanya hivyohivyo kwa kompyuta. Kijana wa besi anaachwa nyumbani si kwa sababu hana Fender, ila kwa sababu hakuna aliyewahi kugundua kwamba yupo. Mtu asiyejulikana haagwi.

Yeye mwenyewe, badala ya kulipigania jina lake, anapigania jina la kiwanda. Anadunduliza miaka miwili auze alizeti na vitunguu vya kutosha anunue maandishi, na miaka hiyo miwili mazoezi yamelala. Tusimcheke sana, maana na sisi waandishi chipukizi tunao ugonjwa huohuo. Yupo anayesubiri kompyuta mpakato ili aanze riwaya. Yupo anayeamini hadithi haijawa hadithi hadi itolewe na mchapishaji mwenye jina. Daftari la kurasa 200 lipo, kalamu ipo, ila mwenyewe anasubiri chapa.

Basi mimi napendekeza kazi ndogo inayotuhusu sisi wa kalamu. Kila atakayeandika juu ya wimbo katika kurasa hizi, awe anausifu au anauponda, aulize kwanza besi imepigwa na nani, aliandike jina, na aseme alichokifanya: alinyamaza wapi, alirudi wapi, alimbeba mwimbaji vipi. Kama besi ni ya kinanda, aandike hivyo pia. Aina ya gitaa aiweke mwisho, nafasi ikibaki. Kwaya zipo Manyoni, zipo Itigi, zipo Mkalama, na mazoezi ni jioni, mlango uko wazi. Ingieni mkakae upande wa besi.